Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Stanslaus alikuwa dereva wa lori la duka la Vinod pale Geita, na kwa miaka minne hakuwahi kugonga hata kuku. Ndiyo maana Vinod alikubali kumwazima gari lake jeupe la Pijo Jumapili moja ya mwezi wa tatu. "Stani, lirudi kama lilivyo," alimwambia. "Na saa nane, unajua." Stanslaus alijua. Miaka ile mafuta yalikuwa haba, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Alichokuwa anatafuta siku hiyo ni kimoja tu: mkewe Justa abaki nyumbani. Justa alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, na mama yake, Nyamizi, alikuwa amekuja kutoka Ibadakuli kumchukua akajifungulie kwao, kama desturi ilivyo. Stanslaus hakuwa na ubavu wa kupinga desturi. Lakini alishawaona wenzake ambao wake zao walikwenda kujifungua wakarudi mtoto anakimbiza mbuzi.

Angemwambiaje mkwewe? Hapo ndipo penye kazi. Kwa Wasukuma mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye karibu, wala haongei naye ana kwa ana. Akimwona njiani anaingia porini, anampisha. Basi Stanslaus akaamua kumtembeza kwa gari, milima iseme kwa niaba yake. Ibadakuli ni tambarare na nyasi zake hufa mapema. Huku vilima vilikuwa kijani mpaka utosini na kila bonde lina maji. Mama akiiona nchi hii, alifikiri, mwenyewe atasema binti akae.

Alifikiri yote isipokuwa ukubwa wa gari. Alizoea lori, ambalo abiria wanakaa huko nyuma juu ya magunia. Ndani ya Pijo, pumzi ya mama mkwe ilikuwa inampiga kisogoni. Kabla ya kuwasha gari akakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari.

"Sasa nyuma utaonaje?" akauliza Justa, aliyekaa mbele.

"Kwani nyuma kuna nini cha kuona?" akajibu Stanslaus, kisha akasikia alichokisema. Masikio yakamwaka moto mpaka nje ya mji.

Walipoanza kupanda vilima, Nyamizi akafungua kinywa. "Justa, mwambie mwenzio apunguze mwendo. Mimi si gunia la pamba."

"Mama anaomba upunguze kidogo," Justa akasema.

Stanslaus, aliyesikia mara zote mbili, akapunguza. "Mwambie mama, kile kijito hapo chini hakikauki mwaka mzima."

"Mwambie na mbu wake hawakauki."

"Mwambie ule msitu wa mlimani, kuni ni za kuokota tu."

"Mwambie na nyoka je, nao ni wa kuokota?"

Justa akawa anatafsiri Kisukuma kwa Kisukuma, jasho linamtoka. Naye Stanslaus, mwenye safari yake, hakuona mlima hata mmoja. Shingo aliikaza kama nguzo, maana akigeuka kidogo tu, pembe ya jicho ingekutana na kilemba cha mkwe.

Kileleni wakasimama wale michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtu hali mbele ya mama mkwe, kwa hiyo Stanslaus akachukua fungu lake akaenda kula nyuma ya jiwe, ameelekea kichuguu. Aliporudi, gari lilikuwa tupu. Nyamizi ameona uyoga, ameufuata bondeni, na Justa amemfuata Nyamizi. Ilikuwa saa saba. Kumwita mama mkwe kwa kelele ni jambo lisilofikirika. Akamwita Justa. Justa hakusikia. Akapiga honi, kisha akajuta, maana ilikuwa kama kumpigia honi mkwe. Akasimama anatazama saa yake mpaka walipotokea wenyewe, kapu limejaa.

Dakika ishirini na tano zilibaki. Barabara kubwa isingewafikisha kwa wakati, ndiyo sababu akakata njia ya bondeni ambayo hata lori hakuwahi kulipitisha masika. Pijo likaingia kwenye tope kama kijiko kwenye uji.

Alisukuma peke yake mpaka akaona nyota. Justa akawa kwenye usukani, maana gia alishamfundisha. Mara mlango wa nyuma ukafunguka, Nyamizi akashuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Justa! Mwambie mwenzio ashike kona ile, mimi nashika hii. Na atazame upande wa Runzewe!"

"Na wewe mama utatazama wapi?"

"Kwetu."

Wakasukuma hivyo, bampa moja, watu wawili, kila mmoja anatazama upande wake kama wamegombana. Pijo likanguruma, likayumba, kisha likachomoka ghafla, na wote wawili wakaanguka kifudifudi. Walipoinua vichwa walikuwa uso kwa uso, wamepakwa tope sawasawa.

Justa alikuwa ameshalipeleka gari mbele, hakuna wa kupitishia maneno. Ndipo Nyamizi akageukia kiatu chake kilichonasa topeni, akakiambia kiatu:

"Mwambie huyu mtu kwamba nilipokuja basi lilikwama mara mbili, nikasema ni bahati mbaya. Kumbe ndiyo nchi yenyewe. Binti yangu na tumbo lile simpitishi njia hizi. Likikwama atasukuma nani? Yeye?"

Moyo wa Stanslaus ukaruka. Milima yote ile imeshindwa, tope limeweza! Akakiinamia kiatu kwa heshima zote. "Mwambie mama, ahsante sana."

"Mwambie asiharakishe kushukuru. Desturi iko palepale: mwanangu atajifungua mbele ya mama yake. Kama yeye haji kwetu, mimi nakaa kwake. Mpaka mtoto atembee."

Waliingia Geita saa tisa kasoro. Gari lilikuwa halina rangi wala namba kwa tope, na askari njiani akapiga saluti, akidhani ni la serikali limetoka vijijini. Stanslaus hakuitikia. Alikuwa anaifikiria nyumba yake: vyumba viwili na mlango mmoja.

Jioni ile, mama mkwe amenyoosha miguu kwenye mkeka palepale mlangoni, anachambua uyoga, Justa akamfuata mumewe chumbani.

"Si ulitaka nibaki? Sasa umefurahi?"

"Nimefurahi," akasema Stanslaus, huku akilipima dirisha kwa mabega yake.