Siku Hippolyte Alipomtorosha Mamamkwe Wangu

"Hii si nchi, Mama Bayeri, hii ni friji! Na wewe umetupangisha ndani ya friji, na kila mwezi unakuja kuchukua pesa ya friji!"

Aliyenifokea hivyo ni Hippolyte, asubuhi, mbele ya bomba, watu wakichota maji. Huko kwao Kongo mwenye nyumba wanamwita bayeri. Mimi si mwenye nyumba. Mwenye nyumba anakaa Entebbe. Mimi nakusanya kodi tu na kufagia ua. Lakini likija suala la kufokewa, bayeri ni mimi.

"Friji?" nikamwambia. "Wewe uliona wapi friji yenye mbu?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amevaa koti refu la sufu, rangi ya majivu, ambalo mzungu fulani alilichoka huko kwenye theluji, likaja Kampala ndani ya marobota ya mivumba, yaani mitumba. Linamfika kwenye vifundo vya miguu. Ndani yake sweta mbili. Chini, soksi na ndala. Na jasho, naapa, nililiona linamtiririka kwenye paji la uso, lakini ukimwambia anasema ni umande.

"Na sigiri yangu umeitoa nje kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki kuwaeleza polisi jinsi watu wawili walivyokufa kwa moshi wa makaa wamejifungia ndani. Lala na mke wako. Mungu alikupa mke, hakukupa sigiri."

Hapo nilimchoma. Akajivuta ndani ya koti lake, akatangaza kama mtu anayesoma tangazo kanisani: "Baada ya Noeli mimi narudi kwetu Kindu. Estelle akitaka kuja, aje. Akikataa, abaki na baridi yake."

Estelle, mkewe, alikuwa ameinama anafua. Hata kichwa hakuinua. "Nenda," akasema. "Utanisalimia watu."

Kicheko kikakatika. Maneno hayo walikuwa wakiambiana chumbani, sote tulikuwa tukiyasikia kupitia ukuta na kujifanya viziwi. Lakini maneno ya chumbani yakishafika bombani, mwenyewe anaona haya kuyameza. Nikajua hii ndoa ina wiki mbili tu.

Walikuja Oktoba. Dada mkubwa wa Estelle, Marie-Louise, anauza vitenge hapa Kampala, ndiye aliyewaita. Estelle aliushika mji huu kama aliyezaliwa ndani yake. Anatoka na mzigo wa vitenge kichwani, anarudi jioni na kitambaa cha kufutia jasho, na hesabu ya Kiganda kaijua kuliko mimi. Hippolyte ni fundi wa bati, anatengeneza masanduku ya wanafunzi kule Katwe. Mchana akigonga bati juani, hana neno. Jioni akipanda kilima chetu cha Makindye na ukungu ukashuka, ndipo anapoanza kufa. Kindu, anasema, mtu analala na kitenge kilichoroweshwa maji, na bado anaamka kujipepea.

Mimi sikumhurumia. Mimi ni mtu wa Kitgum, kaskazini, na jua la kwetu nalo ni jua. Marehemu mume wangu, polisi, aliponileta hapa nikiwa bibi harusi, nilitetemeka msimu mmoja, nikazoea. Lakini nilitetemeka kimya. Hippolyte hajui kutetemeka kimya.

Aliyemhurumia ni mamamkwe wangu, mzee Abwola, ambaye mimi namwita Mego, yaani mama. Naye ana lake. Desemba ikianza tu, anafunga begi lake, analiweka mlangoni: anataka Krismasi ya Kitgum. Kila mwaka. Nami kila mwaka namwambia, Mego, nauli imepanda mara mbili, magoti yako hayakunjiki, na barabara ni ndefu. Basi ananuna mpaka Pasaka. Hippolyte anamwita Koko, ndiyo bibi kwa lugha yao. Jioni wanakaa wawili kwenye ngazi, mmoja analilia Kindu, mwingine analilia Kitgum, ungepita ungetoa rambirambi.

Sasa kuna jambo ambalo sikumweleza Hippolyte, maana nani anamweleza mtu mzima kwamba asubuhi kunakucha? Kampala, Krismasi ikikaribia, inahama. Kila mtu ana kijiji chake, na kijiji chake ndicho chenye Krismasi. Watu wanabeba sukari, sabuni, mikate, kuku, na godoro pia, kwa sababu huko wageni watajaa na mtoto wa mjini hataki kulala chini. Mji unabaki wa mbwa na walinzi.

Siku mbili kabla ya sikukuu nikashuka na Estelle soko la Kibuye. Yaliyotokea nyuma nimesimuliwa na wenyewe, na wenyewe hawapatani, lakini nadhani yalikuwa hivi.

Hippolyte alirudi mchana kutoka Katwe, akishangaa. Bosi wake kafunga karakana, kaondoka. Njiani maduka yote yamefungwa. Anaingia uani, anamkuta jirani yetu Sajenti Oyat, askari wa jeshi, na magwanda yake, anafunga magodoro juu ya pikapu. Mkewe Akumu anarusha watoto nyuma kama magunia ya viazi, kuku wamefungwa miguu, sufuria zinalia.

"Munaenda wapi?" Hippolyte akauliza.

"Nyumbani!" Akumu akajibu, tayari yuko juu ya gari. "Na wewe unangoja nini?"

Pikapu hiyoo, ikaondoka.

Wewe na mimi hapo tungesikia Krismasi. Hippolyte hakusikia Krismasi. Utotoni mwake alikimbia vita zaidi ya mara moja, na kila mara ilianza hivyo hivyo: duka limefungwa mchana, magodoro barabarani, na wa kwanza kuondoka ni wake za askari. Kwao mtu hangoji mlio wa risasi. Mke wa askari akifunga godoro, na wewe funga lako.

Akapiga mlango mmoja, kimya. Wa pili, kufuli. Ua mzima umehama. Kwenye ngazi amekaa mtu mmoja tu, na begi lake miguuni.

"Koko! Wamekuacha?"

"Wameniacha," akasema Mego. Na siwezi kusema alidanganya.

"Unaweza kutembea?"

"Siwezi. Nibebe."

Akambeba. Akamvika koti lake, maana usiku porini bibi atakufa kwa baridi. Akakusanya vitu chumbani kwake, akavitia kwenye begi, akasimamisha boda, akamweka Mego katikati kama jibini ndani ya mkate, wakashuka kilima wakiteleza. Hakwenda stendi ya mabasi. Alikuja sokoni.

Mimi nilikuwa nabishania vitunguu na Hasifa, muuzaji wangu wa siku zote, mara nasikia sauti: "Estelle! Mama Bayeri! Muache vitunguu! Tukimbie!"

"Anayekimbia alipe vitunguu kwanza," akasema Hasifa.

"Tukimbie nini?" nikauliza.

"Sijui! Batu bote banakimbia! Oyat amekimbia, yeye askari! Katwe imefungwa! Mabasi yamejaa!"

"Hippolyte. Wanaenda Krismasi."

"Krismasi gani?"

"Ya Yesu. Wewe unaijua nyingine?"

Akatutazama mmoja mmoja. "Na magodoro?"

"Ya kulalia."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na hakuna vita?"

"Ya nauli tu."

Soko zima likaanguka kwa kicheko. Hasifa akakalia vitunguu vyake mwenyewe. Mwenye boda akacheka mpaka pikipiki ikazimika. Nami nilikuwa nimefungua mdomo kumalizia, maana siku kama hiyo haiji mara mbili, nikamwona Estelle. Hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua begi alilolibeba mumewe, anatoa kitu kimoja kimoja. Vyeti vyake. Gauni lake la kanisa. Vitenge vyake ambavyo hajauza, vyote, vimekunjwa vizuri. Akatafuta mpaka chini.

"Nguo zako ziko wapi?"

"Sikukumbuka."

"Na koti?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mego amekaa juu ya boda, koti limemmeza, imebaki pua. Na Hippolyte yuko na shati moja tu, mvua inanyunyiza, hatetemeki.

"Si ulisema utaniacha na baridi yangu?" Estelle akamwambia.

"Yale yalikuwa maneno ya bombani."

"Na Kindu?"

"Usiniulize Kindu mbele ya batu ya vitunguu."

Nikafunga mdomo wangu. Nikaenda kwa Mego. "Mego, shuka."

"Mbona tumesimama?" akasema. "Kitgum hatujafika."

"Shuka, hakuna vita."

"Mimi ni mkimbizi," akasema. "Sishuki."

Ilibidi Hippolyte amshushe mwenyewe. Kwangu mimi aligoma.

Krismasi tukaila wanne, ua mzima wetu, kimya hata ukitafuna mfupa jirani angesikia kama angekuwepo. Mimi nilipika kuku kwa karanga. Hippolyte alitwanga sombe, kisamvu cha kwao, akasema mafuta ya mawese ya Kampala yamepauka, wali umepoa, baridi iko pale pale. Estelle akamwachia amalize, kisha akamuuliza bila kumtazama: "Basi, tiketi ya Kindu nikukatie ya lini?"

Hippolyte akalamba vidole, akachelewa makusudi. "Nani atambeba Koko vita ikija?"

"Haitakuja," nikamwambia.

"Ndiyo maana nabaki."

Estelle akamwongezea nyama. Alimwongezea paja, na paja nilikuwa nimelitenga la kwangu.

Nikatoa elfu nne, nauli ya boda aliyoilipa siku ile, maana aliyebebwa ni wa kwangu. Akaisukuma. "Mama Bayeri, Koko ni koko yangu." Nikairudisha. Mimi deni la duka nalimudu. Deni la wema silipendi, halina tarehe. Tukasukumana zile noti juu ya sombe mpaka Estelle akaondoa sahani.

Mego akafungua fundo la kitenge chake, polepole, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama vidonge. Akaziweka kiganjani mwa Hippolyte.

"Nauli ni yangu. Aliyepanda ni mimi."

"Hapana, Koko, mimi nilikubeba bure."

"Anayebebwa bure ni maiti," akasema. "Mimi niko hai. Shika."

Hippolyte akapokea kwa mikono miwili.