Bibi Alikuwa Akimtazama Nani

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno, zama za Mwingereza, Temeke ikiwa bado minazi na mihogo, nilimwogopa bibi yangu mzaa mama. Bibi Salma alisuka mikeka barazani, vidole vikienda vyenyewe. Adhuhuri, saa ambayo watu husema majini hutembea, aliniita: "Njoo mjukuu wangu, nikuone." Nikisogea, aligeuza kichwa kando, akakazia macho hewa iliyo juu ya bega langu, akatabasamu. "Haya, sasa nakuona."

Nikigeuka, ukuta mtupu.

Siku moja jirani yetu, Mama Zuhura, alimleta mwanawe aliyetoka arobaini aombewe dua. Bibi akainama. "Mbona uso wake siuoni?" Kisha akageukia pembeni ya mtoto, akatabasamu huko huko. Mama Zuhura alimfunika mwanawe kanga, akaondoka bila kuaga. Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa.

Mama Zuhura akanivizia kisimani. "Niambie kweli mwanangu, bibi yako humtazama nani?"

"Ana mtu wake," nikasema. "Husimama begani kwangu."

Ulimi hauna mfupa. Mtoto alipona, lakini wanawake waliokuwa wakisuka ukili na Bibi hawakurudi tena barazani. Walipita mbali wakinong'ona uchawi. Hata mimi nilimkimbia. Akiniita, niliitika "Abee!" nikabaki mlangoni. Alifariki kabla ya masika, mkeka wa kitanda changu ukiwa nusu.

Mwaka huu daktari wa macho amenieleza kuwa nyuma ya jicho, pale katikati panaposhika nyuso na herufi, pamechakaa kwa uzee, pembeni pazima. Sitapofuka kabisa, ila ninachokikazia macho ndicho kinachopotea. Nikimtazama mtu usoni naona doa la kijivu. Nikitazama kando ya sikio lake, uso unarudi. Nililia pale kwenye kiti, na daktari akadhani naogopa upofu.

Jana mjukuu wangu Neema alisimama mlangoni. Nikageuza kichwa nimpate.

"Bibi, unamwangalia nani?" Akageuka nyuma haraka.

"Wewe. Hapo nyuma hakuna mtu. Sogea nikuone."

Akasita. Miaka yote sikuwahi kujiuliza Bibi alisikia nini moyoni nilipokuwa nikisita mlangoni. Jana nilisikia.