Laini Haina Kosa

Kila Lwaboshi alipohama, alivunja laini ya simu. Aliivunja Uvira, akaivunja Kigoma, akaivunja Karonga, maana waliomfukuza kwao waliijua namba yake. Hata hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi anakoshona sare za kwaya, hajawahi kukaa akatulia.

Wiki iliyopita alitafuta mtandaoni dawa ya ngiri. Jumapili, kanisani, akafungua Biblia ya kwenye simu, na tangazo la dawa ya ngiri likamkodolea macho juu ya Zaburi. Akaivunja laini palepale. Kesho yake akaweka laini mpya, akafungua redio ya simu, tangazo likamrudia. Akapanda minibasi mpaka Chinsapo, mjini Lilongwe, kwa Ciza, fundi wa simu.

“Papa Lwaboshi, laini haina kosa,” Ciza akamwambia. “Simu yenyewe iko na namba yake ya matangazo. Biblia inaisoma, redio inaisoma, njo vile benye matangazo banakutambua.” Akaifuta.

Lwaboshi akaitazama ile simu kama nyoka.

“Miaka kumi na mbili mi nakimbia bantu, kumbe mpelelezi iko mu mfuko yangu! Na kila asubuhi mi njo namupeleka kuchaji!”