Hadjira na Chupa Mbili za Kikohozi

Hadjira wa Mutsamudu alikuwa fundi cherehani, na mwaka ule wa 1984 hapakuwa na bibi arusi mjini kwao ambaye hakupita chini ya utepe wake wa kupimia. Alipoitwa Moroni na dada yake Loutfia kwenye arusi ya bintiye, alifika na sanduku la nguo, shiromani mpya nyekundu ya kujitanda, na kikohozi kikavu kilichomkatia kila wimbo katikati.

Mwuza dawa wa mtaa wa Badjanani, Bwana Mouhidine, akampa chupa ya dawa. "Kijiko hiki kidogo cha plastiki, mama, kimoja, mara tatu kwa siku. Usichanganye na dawa nyingine ya mafua. Tena inalevya na kuleta usingizi."

Hadjira aliitikia kila neno na hakushika hata moja. Asubuhi ya arusi akachukua upawa wa mchuzi, akanywa, akanywa tena. Loutfia, kwa huruma tu, akamletea chupa nyingine aliyotumiwa na shemeji yake kutoka Marseille. Hiyo ilikuwa tamu zaidi. Hadjira akaongeza.

Wanawake walipotoka na masinia ya keki kwenda kwa kina bwana arusi, kuta za vichochoro zilianza kumwamkia. Akaziitikia, moja moja, kwa adabu, huku akicheka mpaka shiromani inamteleza.

Barabarani alisimama mzungu wa ulinzi wa rais, mmoja wa wale mamluki wa magwanda meusi ambao mji mzima ulishazoea kuwapita macho chini. Vigelegele vikakatika. Hadjira yeye aliona jambo moja tu: pindo la suruali limefumuka.

"Aibu gani hii!" Akapiga magoti, akachomoa pini kifuani. "Simama wima, baba! Mtu mzima unaburuza pindo!"

Mzungu akatazama bunduki yake, akatazama zile pini. Akasimama wima. Loutfia alikuwa anasoma kila dua aliyoijua.

"Geuka!"

Akageuka. Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, kisha wote, kisha askari mwenyewe. Barabara nzima ikavunjika mbavu. Hadjira akaegemeza kichwa kwenye goti la yule mtu, akalala fofofo.

Hapo kicheko kikaisha. Mouhidine akaitwa, akaja mbio; Loutfia akamletea chupa zote mbili, akazisoma. "Majina mawili, dawa moja! Amekunywa ya siku kadhaa kwa mkupuo. Msimwache peke yake. Hospitali, sasa hivi!"

Walimchunga huko hadi alasiri. Alipofumbua macho, bibi arusi alikuwa amekaa kitandani pake na dhahabu zake zote, na dirishani shangazi saba wakiimba. Kisha akakumbuka suruali. Akajifunika shuka gubigubi, na kitanda kikatikisika kwa kicheko chake.

Miezi miwili baadaye, Mutsamudu, jirani yake Ramlati alikuwa ameshamkalisha mwanawe mapajani, chupa ya kikohozi mkononi.

"Ana miaka mingapi huyo?" Hadjira akauliza.

"Mitatu."

"Basi ifunge, dada. Hiyo si ya mtoto mdogo. Mpe maji ya kunywa, na akihema kwa shida mkimbize kwa daktari."

Ramlati akanuna, lakini akaifunga. Ijumaa iliyofuata mtoto alikuwa amepona, anafukuza kuku kichochoroni, na watu wazima watatu wakimkimbilia nyuma.