Muhogo wa Gati na Picha za Angani

Gati alifukuzwa bwawani kwa kosa la shemeji yake. Bwawa hilo kando ya Mto Mara ndilo lililomlisha tangu afiwe na mume: alikata mafunjo, akasuka mikeka, akaiuza Sirari.

Ilipokuja rashi ya dhahabu, watu wakamiminika kuchimba, shemeji yake Mogesi alichimba mashimo katikati ya bwawa. Aliposikia kuna wataalamu wanaolichungulia kwa setilaiti, hakuacha kuchimba. Alipanga fito juu ya mashimo akazifunika kwa mafunjo mabichi, na yaliponyauka vijana wake wakakata mengine. Gati yeye alikuwa akianika muhogo ukingoni, juu ya maturubai meupe.

Mtaalamu Stanslaus wa mradi wa kutunza bwawa akaja na picha, akazibandika ofisi ya kijiji. "Hapa kijani pametunzwa. Hapa peupe, ardhi imekufa."

"Huo ni muhogo wangu," Gati akasema.

"Mama, setilaiti haina ugomvi na mtu."

"Basi ishuke ionje."

Watu walicheka, lakini mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba Gati ni mharibifu, asikanyage tena bwawani. Mogesi akapewa kamati ya bwawa aiongoze, na kofia ya mradi. Aliivaa hata matangani.

Kwa kushukuru, akatoa fahali achinjwe kwa ajili ya wageni wa mradi pale pale ukingoni. Gati alitazama kutoka njiani, maana amekatazwa kusogea. Fahali alikuwa mkaidi kama bwana wake. Alipoona kisu alikata kamba, akakimbilia penye kijani kuliko kote, akadidimia. Zikabaki pembe.

"Shemeji," Gati akaita, "ng'ombe wako amezama kwenye utunzaji."

Walimvuta mpaka akatoka, fito shingoni, mwili mzima tope la machimbo ya dhahabu. Stanslaus akachungulia shimo, akachungulia picha, kisha akamfuata Gati njiani.

"Shikamoo mama." Hakuwahi kumwamkia kabla ya siku hiyo.

"Marahaba. Sasa nikate mafunjo yangu?"

"Subiri kidogo. Katazo litaondolewa picha mpya ikija. Sasa hivi kuna mawingu."

Mogesi alivuliwa kamati. Kofia amekataa kuirudisha. Masika yamepita, anga ni jeupe halina wingu, na Gati bado anapita mbali na bwawa kama mwizi. Stanslaus anadaiwa picha. Mwenyekiti ana deni la kusema kwa kipaza sauti, mbele ya watu wale wale, kwamba Gati hakuharibu kitu. Na Mogesi ana deni la kusimama hapo, kichwa wazi, mpaka maneno hayo yaishe.