Samaki Kwenye Pua ya Mama

Mama alivunjika mgongo akiinua beseni ya mchele. Hakuanguka wala hakugongwa. Aliinama, akainuka nusu, akabaki hapo. Picha ya eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea kama mkebe uliokanyagwa.

Kilichomuuma kuliko mgongo ni choo. Choo chetu pale mtaani Skuta kiko uani, na kwetu mama hashikwi na mtoto wa kiume kwenda huko, hata mtoto mwenyewe akiwa na mvi kama mimi. Ikabidi jirani yetu, mama Mwislamu aliyezaliwa papa hapa mjini, aitwe kila mara aje kumshika. Mama akaanza kukataa chai ili asimsumbue. Mtu akikataa chai Nyeri kwa baridi ya mwezi wa saba, ujue mambo yameharibika.

Daktari, msichana mpole, akaandika dawa ya kupuliza puani. Nikamwomba anieleze, kisha nikamwomba anieleze tena, maana mimi ni mfanyabiashara, bidhaa nisiyoielewa siilipii. Akasema ndani ya mfupa kuna chembe zinazobomoa na nyingine zinazojenga, na kwa wazee wabomoaji huwashinda wajenzi. Homoni iliyomo kwenye dawa hii, kalsitonini, hutengenezwa kwenye tezi ya shingoni na huwatuliza wabomoaji. Tena hupunguza uchungu wa mfupa uliovunjika karibuni. Si ya kutumia miaka. Ni ya kumtoa kitandani, halafu dawa nyingine zishike kazi.

"Hii ya chupa imeigwa kutoka kwa samaki," akaongeza, "kwa sababu ya samaki ina nguvu kuliko yetu."

Elimu yote hiyo, na hakuna aliyemfundisha kunyamaza.

"Ati samaki?" mama akauliza.

"Samoni, cucu," akajibu, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Lakini imetengenezwa tu kwa maabara."

"Mimi nimezeeka bila kuonja hiyo nyoka ya maji. Sasa niingize kwa pua?"

Wazee wetu wa Mlima Kenya ndivyo walivyo, samaki kwao si chakula. Mito yetu ina samaki wa trauti mpaka watalii wanavuka bahari kuja kuwavua, na mama anawatazama kama watu wanaookota takataka. Chupa ikakaa kwenye friji ya jirani, mama akakaa kitandani.

Ndipo kaka yangu mkubwa akaja kutoka Kiriaini na simu yake. Huyu alisoma kichwa kimoja cha habari akajitunuku digrii. Siku hizo alikuwa akiuza unga wa mifupa ambao pia ulitibu presha, sukari na, kwa mteja mwenye subira, kesi za mashamba.

"Hiyo homoni iko na ndugu yake," akanitangazia. "Zimetoka kwa jeni moja. Huyo ndugu ndiye anafungua mishipa ya damu kwa kichwa. Si ndiye anakulaza na kipandauso chako? Sasa unataka kupasua mama kichwa?"

Cha kuudhi ni kwamba nusu ilikuwa kweli. Nikampigia daktari, kaka akisikiliza kwa spika. Akasema ndiyo, jeni ni moja, lakini maagizo yake hukatwa namna mbili, kama kitambaa kimoja kwa mafundi wawili. Shingoni hutoka kalsitonini. Kwenye neva hutoka huyo ndugu, anayepanua mishipa na kupeleka maumivu ya kipandauso. Wapo na binamu: mmoja hutoka kwenye kongosho akatuliza njaa, mwingine hukaa kwenye kuta za mishipa na kushusha presha. Kila mmoja ana mlango wake, ingawa milango hufanana kidogo. Uso wa mama ungeweza kuwa mwekundu na kupata joto, kisha upoe.

"Umesikia?" nikamwambia kaka. "Wewe na mimi tumetoka tumbo moja. Mimi nauza mchele wa Wang'uru, wewe unauza chokaa. Mtu akinunua kwangu, amenunua kwako?"

"Wewe unaongea kama dalali."

"Na wewe unaongea kama kibandiko cha kopo."

Jirani, aliyekuwa akimgeuza mama upande wa pili, akacheka. "Mama, mimi nimekula samaki tangu utoto. Umeona magamba?"

Mama akageuza uso ukutani. Kaka akaona ameshinda, akamwinamia kwa sauti ya mchungaji. "Mama, ngoja unga wangu ufanye kazi, hata kama ni miezi. Usiwe na wasiwasi na jirani. Nitahamia hapa. Nitakuwa nakupeleka choo mimi mwenyewe."

Mama akatoa uso ukutani.

"Lete hiyo samaki," akasema.

Alipulizwa huku amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya nyonyo. Baada ya muda mashavu yakawaka. "Unaona! Mishipa!" kaka akapaza sauti. Mama akamjibu uso ni wake, akaomba chai. Kaka akarudi Kiriaini, ambako nasikia anawaambia wateja kwamba unga wake ulimwinua mamake, unga ambao mama hakuonja hata kijiko.

Wiki ya pili jirani hakuitwa. Nilimwona mama akivuka ua, mkono mmoja ukutani, akipumzika, akiendelea. Nikamfuata kwa mbali. Akaingia, komeo likalia kwa ndani.

"Mama, uko sawa?"

"Wewe hapo nje, hauna wateja? Toka!"