Mawingu Niliyomweleza Baba

Miaka ya sabini nilifundisha fizikia Kasulu, nikiwa nimerudi kutoka ng'ambo na kichwa kimejaa jambo moja tu. Kule nilisomea kwasa, vitu vya mbali mno vinavyong'aa kuliko galaksi nzima. Mwanga wake ukipita kwenye gesi inayozizunguka galaksi za njiani, gesi hunyakua rangi fulani, na katika picha ya mwanga huo hubaki mistari myeusi. Gesi yenyewe haionekani. Mistari ndiyo inayoichongea. Nilipowaeleza walimu wenzangu, waliniuliza kama gesi ya tumboni imetulia. Nilicheka nao, kisha nikaacha kusema. Upweke ule sikuuzoea kamwe.

Likizo ya Septemba nilikwenda nyumbani Murungu, Kibondo. Baba, mkulima asiyependa maneno mengi, akaniuliza ghafla kwa Kiha, "Mwana wanje, huko ulisoma nini hasa?"

Neno la Kiha la gesi sikulijua. Nikasema ibicu, mawingu.

"Unayaona?"

"Kwa macho hapana, baba. Nayajua kwa mwanga unaopita ndani yake. Ni mengi, yako mbali, na tunadhani mengine yanasogea taratibu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi kupita kiasi: hatimaye mtu mmoja amenielewa! Siku ya kurudi, basi lilipofika Makere, njiani, bado nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Mwishoni mwa Oktoba dada yangu alikuja Kasulu na habari. Mara tu nilipoondoka, baba alipanda mbegu zote, mahindi na maharage, kabla ya msimu wa mvua, majirani wakimshangaa. Yakaja manyunyu ya siku mbili, mimea ikachipua, kisha jua likaikausha yote. Watu walimwuliza nani kamdanganya. Hakunitaja.

Nilipanda basi la kwanza. Nilimkuta shambani akilima upya, pembeni kikapu cha mbegu alizoomba kwa shemeji yake. Nikamwambia mawingu yangu si ya mvua, yako mbali, Murungu hayatafika abadani.

"Ulisema yako mbali," alijibu bila kuacha kulima. "Kosa ni langu. Sikuuliza mbali kiasi gani."

Tangu hapo nimewaeleza mawingu yale wasomi wengi, nao wamenisikiliza kwa adabu. Hakuna mwingine aliyeniamini hadi akamwaga mbegu zake zote.